Ukizaa Litaisha

Kama kuna maneno niliyachukia kuliko foleni ya usajili, ni haya: "Ukizaa litaisha." Nilianza kuambiwa nikiwa sekondari. Jirani aliniambia, shangazi aliniambia, na mama yangu kule kisiwani Nansio aliniambia kila mwezi, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Jamani, nizae sasa hivi kwa ajili ya tumbo la hedhi?

Nikiwa mwaka wa pili wa chuo hapa Mwanza, tumbo hilo lilinikosesha mtihani. Nilivaa asubuhi, nikafika mlangoni mwa chumba nilichopanga Mkuyuni, nikakaa chini. Nilitapika, nikajikunja kwenye sementi kwa sababu ilikuwa ya baridi, na mtihani ukafanyika bila mimi. Chuo kikanipa nafasi ya mtihani maalumu. Nikiukosa na huo, narudia mwaka. Nikaangalia siku zangu kwenye kalenda ya simu, nikacheka kwa hasira. Ziliangukia palepale.

Nikaenda zahanati iliyo jirani na chuo. Nesi hakunicheka. Aliniuliza maswali mengi, likiwemo la kama nina vidonda vya tumbo, akanipima, akanipa vidonge. Nile kwanza, alisema, halafu nimeze mara tu maumivu yanapoanza kunyemelea, nisisubiri mpaka nigaegae. Visiponisaidia nirudi, wanichunguze zaidi. Nilitoka pale nahema vizuri. Kazi ikabaki kwa mama.

Mama alivuka na kivuko siku moja kabla ya mtihani. "Nimekuja nikushike mkono," alisema. Alikuwa na chupa ya maji iliyojaa dawa ya chango, mizizi iliyochemshwa ikawa nyeusi tii. Uchungu wake naujua tangu nilipovunja ungo. Alipoviona vidonge mezani alishika kichwa.

"Yesu wangu! We mtoto, hivi vinachoma kizazi. Wajukuu nitawapata wapi?"

"Mama, kesho nina mtihani."

"Vumilia, mwanangu. Ukizaa litaisha."

Nikamtandikia alale, maana ni mama. Lakini asubuhi tumbo lilipoanza, likishuka mapajani kama kawaida yake, heshima ilinipungua. Mama alikuwa anakoroga uji.

"Mama, wewe umezaa watano. Lako liliisha?"

Mwiko ukasimama. Nilidhani ananichapa nao. Akaanza kukoroga tena, taratibu, macho kwenye sufuria.

"Halikuisha," alisema. "Nimelima nalo miaka yote. Hata jana kwenye kivuko nilikuwa nalo."

Nilikiangalia kitenge alichojifunga kiunoni. Siku zote nilidhani anakikaza hivyo kwa ajili ya kazi.

"Sasa mbona ulikuwa unaniambia litaisha?"

"Na mimi niliambiwa. Ningekuambia nini? Kwamba ndiyo hivyo mpaka uzeeke?" Akanimiminia uji, akavisogeza vidonge karibu na kikombe. "Kunywa, umeze. Usichelewe."

Nilimeza. Kwenye chumba cha mtihani maumivu yalikuwepo, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Niliandika mpaka nikaomba karatasi za kuongezea. Weee, mimi! Mimi niliyezoea kuhesabu siku hizo kama siku zilizokufa, niliomba karatasi. Nilipotoka nje machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Nilifurahi, basi.

Mama alikuwa ananisubiri nje ya geti, amekaa juu ya jiwe, ameinama kidogo, mkono mmoja tumboni. Aliponiona akaunyanyua haraka, akajifanya anapanga kitenge.

"Nimeandika yote, mama."

"Mungu mkubwa." Akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yule nesi wako, na sisi wazee anatupokea?"

Nikamshika mkono, tukaelekea zahanati.