Jicho la Kujaribia

Mjukuu wangu anafanya kazi Nairobi, kwenye maabara ya dawa za macho. Nasema kwa majivuno, na anayekereka akereke. Mimi niliacha madarasa sijajua hata kuandika jina langu vizuri. Yeye anavaa koti jeupe. Alipokuja kwetu Waberi kwa Idi alinieleza kazi yake. Wanatengeneza lenzi, kitu laini cha kuvaa juu ya mboni, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na wanakitoa kwenye ngozi za wanyama na magamba ya samaki. Kinalowekwa dawa, halafu dawa inatoka polepole jichoni. Kazi yake yeye ni kuhakikisha hakimdhuru mtu.

"Ayeeyo, kitu kama hiki hujapata kukisikia," akaniambia, maana kwetu bibi huitwa ayeeyo.

Nikacheka, kicheko kibaya. "Nimekivaa kabla mama yako hajazaliwa."

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, askari wa serikali walipotukusanya na kutufungia ndani ya seng'enge nje ya mji wa Garissa. Meno yangu ya utotoni yalikuwa bado yanang'oka. Mbuzi wetu waliswagwa siku ile ile tuliyoingizwa, na hatukuwaona tena. Wanyama wakaondoka, nzi wakabaki. Jicho langu la kulia likavimba, likatoa usaha, likafunga. Msichana wa kibanda cha pili alianza hivyo hivyo, na sasa alikuwa akishikwa mkono kwenda haja.

Mama akanibeba hadi langoni.

"Afande, mtoto anaumwa jicho. Nipe ruhusa nimpeleke hospitali."

"Jicho la pili analo?"

"Analo."

"Basi njia ataiona. Rudi ndani."

Wenzake wakacheka. Kicheko hicho ninacho mpaka leo, kama mwiba uliovunjikia ndani ya nyama.

Lakini mama alikuwa mtu wa Hadado, mbali na kwetu, na kwao wanawake walijua dawa ya macho. Mbuzi akizaa, walichukua ule utando unaomfunika mtoto, wakauosha, wakaukausha kivulini. Jicho likiugua, kipande cha utando kililowekwa kwenye maji ya manemane, kikalazwa juu ya mboni. Ukidondosha dawa tupu, machozi yanaifukuza. Utando unaishika na kuitoa kidogo kidogo.

Na hakuna mgonjwa aliyevishwa utando ambao haujajaribiwa. Kwanza walimvisha mbuzi, wakamfunga mpaka jua lielekee kuzama. Mbuzi akijisugua kwenye kigingi, dawa ile inamwagwa. Asipojisugua, mwenye dawa anavaa mwenyewe. Ndipo mgonjwa.

Mama alikuwa na tando kavu chache, amezishona ndani ya mkoba wa ngozi, na manemane anayo. Mbuzi ndiye hakuwapo.

"Nitaanzia kwangu," akasema.

Akavaa asubuhi. Ukaanza kumchoma. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa hampendi tangu siku ya harusi, alikuwa ameketi akimtazama.

"Toa, wewe binti wa Hadado. Machozi yanakushuka kama umefiwa."

"Manemane huchoma kidogo, halafu huacha. Nikitoa mapema sitajua kama ingeacha."

Haikuacha. Alikaa nao mpaka alasiri, ameuma ncha ya shuka yake, ili asije akaniwekea mimi kitu asichokijua mwisho wake. Alipoutoa, jicho lilikuwa jekundu kama nyama mbichi. Siku zilizofuata likapiga ukungu, kisha likawa jeupe. Halikuona tena.

Bibi ndiye aliyelijua kosa. Alichukua kile kikombe cha maji ya kulowekea, akanusa, akayamwaga mchangani.

"Dawa yako haina neno. Maji yao haya yananuka lori."

Tulikuwa tunaletewa maji kwenye mapipa yaliyobebewa dizeli. Kwa kunywa tulishazoea, tukiziba pua. Kuyaonja kwa jicho hakuna aliyefikiri. Kwao maji hayakuwa adui. Adui alikuwa ukame.

Jirani mmoja alikuwa ananyonyesha. Akakamua maziwa yake kidogo kikombeni, mama akaoshea utando mwingine na kulowekea manemane humo humo. Halafu akainua mkono auvae, kwenye jicho lile moja lililobaki.

Bibi akamshika kifundo cha mkono.

"Ukipofuka kabisa, nani atanipikia huo ugali wako mbaya? Lete hapa."

"Mama, wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo. Macho yangu yameona ya kutosha, na mengi sikuyapenda. Lete, wallahi, kabla sijabadili nia."

Akavaa yeye. Akashinda amekaa mlangoni akilalamikia joto, mgongo, chai isiyo na maziwa na mwanawe aliyeoa mbali. Jicho hakulilalamikia. Ndipo mama akanilaza mapajani na kunivisha langu. Baridi, mchomo mdogo, kisha kama mtu amekufunika jani bichi. Uvimbe ukashuka. Jicho hilo ninalo, ndilo lililomtambua mjukuu huyu akishuka garini.

Nilipomaliza, mjukuu akasema taratibu, "Ule utando haukuwa na kosa, Ayeeyo. Haubagui. Unachonyonya ndicho unachotoa. Ndiyo maana sisi maji tunayapima kabla ya kitu kingine." Akanishika mkono. "Na jaribio la mama yako lilifaulu. Lilionyesha madhara kabla hayajakufikia wewe."

Lilifaulu! Mama alimimina chai nje ya kikombe mpaka anakufa. Nilitembea ubavuni kwake, upande wa jicho bovu, hadi nilipoolewa, na nilipoondoka akawa akijigonga. Pale langoni hakuna aliyerudi kuuliza mtoto alionaje njia.

Sasa macho yangu yameanza kufifia, ya uzee. Mjukuu anasema lenzi zao zikikamilika, watatafuta watu wa kujitolea kuzivaa kwanza, na kwamba mimi hawezi kuniruhusu.

Nikamwambia zilete. Kwetu hapajawahi kukosekana wa kwanza kuvaa. Ila kabla hujanigusa, nipe maji mliyozilowekea, niyanuse mwenyewe.