Mshenga wa Seva

Joyness akichanganyikiwa huvua viatu. Jumanne ile, ofisini kwetu Bagara, viatu vilikuwa chini ya meza tangu saa tatu asubuhi.

Programu aliyoiandika kwa JavaScript hukaa kwenye seva na kuwatumia wakulima mia tatu habari za mvua. Siku hiyo mahindi yalikuwa yameanikwa kijiji kizima cha Nakwa, ya mama yake yakiwemo, na utabiri ulisema mvua saa nane. Ujumbe ukagoma kutoka. Wikiendi ofisi ilikuwa imebadilisha mtandao: kila kinachotoka nje sasa lazima kipitie proksi, yaani kompyuta moja ya kati.

"Anwani ya proksi nimeiandika," alilalamika. "Kurasa za mtandao zinafunguka. Programu yangu tu ndiyo haitoki. Kwa nini?"

Ningejuaje? Mimi ni karani wa mbegu. Akazima seva, akawasha. Akafuta anwani, akaiandika tena vilevile. Akaniangalia kana kwamba nimeificha mfukoni. Nilimhurumia, ila alianza kuniudhi.

"Mpigie mama yako aanue," nikasema.

"Na hao wengine watapigiwa na nani, Baba Adrian?"

Saa saba simu yangu ikalia, nami nikapandwa na hasira. Mimi ndiye mshenga wa kijana mmoja wa Nangara, na sasa baba yake ananiambia kumbe kijana ameenda peke yake kwa baba wa binti, akafukuzwa mlangoni.

"Jina langu mlilitaja mbele ya kikao kizima cha ukoo!" nikafoka. "Lakini kijana mwenyewe, nani alimwambia apitie kwangu? Hakuna!"

Joyness akageuka. "Rudia hapo."

"Nimesema hakuna aliyemwambia!"

Akafungua maelezo ya Node, mtambo unaoendesha programu yake, akasoma mdomo wazi. Anwani ya proksi hata ikiwepo, Node haiisomi mpaka iagizwe kwa mstari wake wa pekee. Akauandika. Saa saba na nusu ujumbe ukatoka kwa wakulima wote mia tatu.

"Lakini kwa nini isisome yenyewe?" aliendelea kuuliza, akipapasa viatu kwa miguu. Bado hakuelewa, wala mimi.

Mvua ilishuka saa nane kasoro. Mama yake akapiga simu.

"Tumeanua, mimi na majirani wote. Mungu akubariki," alisema. "Ila umeniandikia 'Ndugu Mkulima'. Joyness, mimi si mama yako tena?"