Nota ya Mwisho ya Papa Radi

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini mchana. Ninaijua dakika hiyo kwa sababu nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la rafiki yangu nikitazama saa kwenye simu yangu, simu hiyohiyo iliyokuja kuniaibisha mbele ya umati, kiasi kwamba mpaka leo nikienda kununua unga hapa Naviundu ninapita njia ya nyuma. Nasimulia mwenyewe, maana wengine wamekwisha kusimulia wakitia chumvi (eti nilimfufua mtu, sikumfufua mtu), na chumvi haihitajiki, jambo lenyewe lina uchungu wa kutosha.

Rafiki huyo aliitwa Kalala. Alikuwa muuzaji wa vitambaa, mtoto wa watu waliotoka Kasai zamani, na mimi, Kabwe, ni mtu wa Lukafu ninayetengeneza vyerehani, kazi niliyojifundisha kwa kufungua mashine moja na kuifunga tena mpaka ikanikubali. Cherehani ya mke wake ndiyo iliyotukutanisha, lakini kilichotuweka pamoja miaka yote hiyo ni gitaa. Katika mji ambao kila baa inapiga rumba, sisi tulipenda rock, na ndani ya rock tulipenda kitu kimoja tu, wapiga gitaa wakubwa, wale wanaoufanya waya ulie kama mtu. Kupiga, hakuna kati yetu aliyejua. Tulikuwa wasikilizaji, lakini wasikilizaji wa bidii: kila Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni kwake na santuri zake tukibishana ni nani mkubwa kuliko wote. Mimi nilimtetea mmoja ambaye hakosei kamwe. Yeye alimtetea mwingine anayekosea mara nyingi, ambaye tulimpa jina la Papa Radi (papa kwetu ni baba).

"Ule wako anapiga kama muntu wa benki," Kalala aliniambia. "Anahesabu, analipa, anafunga dirisha."

Zamani tulikuwa wanne. Mmoja alihamia Kolwezi, mwingine aliokoka akazichoma santuri zake, tukabaki wawili.

Kuna wimbo mmoja wa Papa Radi unaoishia kwa nota moja ndefu, inayovutwa mpaka inakuwa nyembamba kama uzi, usiweze kusema imekoma wapi. Hapo tulikuwa na kanuni: nota ile ikianza unafumba macho, na hufumbui mpaka iishe kabisa. Anayefumbua wa kwanza ananunua Fanta. (Tulikuwa watu wazima wenye wajukuu, ndiyo.)

Figo zilipomlaza hospitalini, Kalala alinishika mkono akasema: "Papa Kabwe, siku ya kunizika, kwaya itaimba, pasta ataongea, byote muzuri. Lakini uniwekee Papa Radi. Na nota ya mwisho isikatwe."

Nikaahidi.

Pasta hakupenda, ila alikubali, kipande kimoja, bila maneno, baada ya sala. Niliutia wimbo kwenye flashi, nikaupeleka kwa mwenye sono, yaani yule anayekodisha maspika, tukajaribu, ukalia vizuri. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Lakini nilisikiliza tena nikagundua kwamba nakala ile inaikata nota ya mwisho kabla haijafa yenyewe. Mtu mwingine angesema, nani atajua? Mimi nilijua, na Kalala angejua. Ndani ya simu yangu kulikuwa na nakala nyingine, ambayo Kalala mwenyewe aliirekodi kutoka kwenye santuri yake akiwa mgonjwa nyumbani, kabla ya hospitali, akanitumia kama ujumbe wa sauti, na mikwaruzo yake na jogoo wa jirani ndani yake, lakini nota ilikuwa nzima. Nikaamua: tutapiga hiyo.

Nyuma ya ujumbe ule ulifuata mwingine wa kwake, na nilijua vizuri kwamba simu ikimaliza ujumbe mmoja inaingia yenyewe kwenye unaofuata. Nilikuwa na mpango. Nota ikiisha, nabonyeza, basi. Kitu gani kigumu?

Sala ikaisha. Nikachomeka waya wa sono kwenye simu, nikabonyeza, na Papa Radi akaanza kulia juu ya makaburi. Sijawahi kuona watu wakinyamaza vile. Hata wachimba kaburi waliegemea majembe yao wakasikiliza. Mama Mbuyi, mjane, alikuwa amekaa mkekani na kitambaa cheusi kichwani, akiangalia chini. Kisha ikaja nota ya mwisho, nami (mwenye mpango, mwenye kidole tayari) nikafanya nilichofanya kila Jumapili. Nikafumba macho.

Nota ikafa. Nikabaki gizani kidogo, kwa heshima. Na maspika makubwa mawili yakasema:

"Papa Kabwe! Umesikia? Ule wako wa benki anaweza ile? Aende akafunge dirisha!"

Ilikuwa sauti ya Kalala, kama ya mtu mwenye afya, ikicheka.

"Mama weee!" dada yake alipiga kelele. "Kalala iko anaongea mu sanduku!"

Nilipofumbua macho kwaya ilikuwa tayari inakimbia, mama mmoja ameacha kiatu, na binamu wa marehemu amerudi nyuma akakalia shada la maua. Nikabonyeza simu. Kioo kilikuwa kimezimika, kikaniomba namba za siri, nikakosea, nikakosea tena, na kuchomoa ule waya (nilioushika kwa mkono wangu wa pili!) hakukunijia akilini. Kalala akaendelea:

"Kesho pasta anakuya kuniombea. Ule baba anaombaga murefu, mpaka ugonjwa inalala, mugonjwa njo anabaki macho!"

Pasta alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Akaifunga Biblia polepole.

"Ngoja nikupigie ile nota mu kinywa," sauti ikasema, na Kalala, ambaye jeneza lake lilikuwa mbele yetu, akaanza kulia kama gitaa, wiiiiii, juu, juu zaidi, mpaka kikohozi kikamkata, akacheka tena akihema. "Heee, kifua hii. Ukikuya, ulete Fanta yangu. Jumapili weye njo ulifumbua macho wa kwanza. Nilikuona."

Ujumbe ukaisha hapo. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, na wengine wakalia kwa sauti, na Mama Mbuyi akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Weye uko muntu wa namna gani?" kaka mkubwa wa Kalala aliniuliza, akinishika kola. "Siye tunalia, weye unatuletea sinema?"

Jioni, kwenye kilio, wazee wa familia walikaa chini ya turubai wakanikatia amande, yaani faini: mbuzi dume mmoja kabla ya kumaliza kilio, bila hivyo nisikanyage tena pale. Nilikubali bila kubisha. Nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani na viatu mguuni, nikafuta ujumbe ule. Mimi ni mtu wa kufanya kazi mpaka mwisho, kwa hiyo sikufuta ule mmoja tu. Nilifuta mazungumzo yetu yote, kisha nikahakikisha hakuna nakala iliyojificha mahali. Nilijisikia msafi, nikalala.

Siku ya kumaliza kilio nilifika na bei ya mbuzi mfukoni. Mama Mbuyi akaniita pembeni, karibu na jiko.

"Ile feza, ubakie nayo," akasema. "Nimeongea na bashemeki, imeisha."

"Mama, nilikosa sana. Nimekuletea haya mbele ya watu."

"Haya gani? Papa Kabwe, mwezi muzima bwana yangu hakucheka na miye. Ilikuwa tu, fungua dirisha, funga dirisha, nipe mayi. Nilizani kicheko yake ilimutangulia kufa. Ile siku nimeisikia. Ilikuwa inaishi kwako." Akanyosha mkono kuelekea mfuko wangu wenye simu. "Unitumie ile sauti. Ile njo itakuwa amande yangu."

Simu ya Kalala mwenyewe ilikwisha kuuzwa kulipa kitanda cha hospitali. Nilijua hivyo, na nikasema, "Nitaitafuta, Mama." Nilizunguka kwa mafundi wa simu mjini, watatu. Wawili walilipisha kwanza na kutikisa kichwa baadaye. Wa tatu alitikisa kichwa kwanza, akalipisha hata hivyo.

Nikarudi kumwambia kwamba nilifuta mwenyewe.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Hakunitukana. Alivuta kiti alichokuwa akikalia Kalala, akanikalisha, naye akakaa kwenye cherehani yake. Akaligeuza gurudumu bila uzi.

"Basi nipigie weye," akasema. "Mu kinywa. Vile alipiga."

Sijui kuimba. Hata kanisani huwa nachezesha midomo tu. Lakini nilivuta pumzi nikaanza, wiiii, sauti ya mbuzi aliyekabwa, na yeye akafumba macho. Miaka yote ile alikuwa akitusikia kutoka jikoni, kanuni aliijua. Nami nikafumba. Niliivuta nota mpaka kifua kikaisha, mpaka hapakuwa na sauti tena, pumzi tu, halafu hata pumzi hapana. Nilipofumbua, Mama Mbuyi alikuwa bado amefumba. Nilimsubiri. Hakufumbua, nikatoka polepole nisigonge mlango.

Nilimpelekea Fanta kesho yake. Na nimeapa: sauti ya mtu sitaifuta tena, hata ya mtu anayenitukana, hata ikiwa ni kikohozi kitupu. Kuna swali moja ambalo ningemuuliza Kalala, na limebaki kwangu: Jumapili ile aliniona vipi, kama kweli yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho?

Kwa upande wa fedha, nimepiga hesabu mara mbili. Bei ya mbuzi niliyesamehewa, franka laki mbili. Mafundi wa simu, elfu arobaini na tano. Katika mambo haya yote nimeokoa franka laki moja na elfu hamsini na tano.