Kilichonunua Shamba la Mama

Mama alikuwa na miezi miwili tu kaburini mtafiti mmoja alipofika kwetu, huku Mponde. Binti wa chuo kikuu, mpole, alinipa shikamoo kwa kupiga goti kidogo. Alikuwa anaandika historia ya uchumi wa milima yetu. Alitaka kujua wanawake wa zamani walipata wapi pesa za kununua mashamba, wakati ardhi ilirithiwa na wanaume. Akaniuliza juu ya Mama.

Nikajibu upesi, "Chai. Alichuma chai, akaweka akiba, akanunua shamba la juu."

Akaandika. Akasema Jumamosi angerudi kunisomea.

Tangu hapo sikutulia. Nilipalilia mstari uleule wa maharage mara mbili. Nilikaa mezani, nikainuka kabla ya kula. Chai ilitulisha, ni kweli, lakini shamba lilinunuliwa na pombe ya miwa, aliyotengeneza Mama nyuma ya nyumba miaka ileile alipokuwa akiimba kwaya kanisani. Nilijua. Nilisema chai kwa sababu ndivyo tulivyosema siku ya mazishi, mbele ya mchungaji.

Nilimwambia dada yangu mkubwa kwamba nataka kusahihisha. Akatua sufuria chini kwa kishindo.

"Umtoe Mama kaburini umpeleke kilabuni?"

"Dada, yataandikwa kitabuni."

"Ndiyo maana! Nani anaingia kitabuni na nguo za shamba?"

Siku tatu tulipishana uani, kila mtu na jembe lake.

Jumamosi yule binti alisoma taratibu. Alipofika kwenye chai nikamkatiza. "Futa hapo, mwanangu. Nilikudanganya."

Nikamweleza yote. Dada alisimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, anatazama ukungu.

"Nani alimsaidia kutwanga miwa, baba?" binti akauliza.

"Sijui. Nilikuwa mdogo. Labda jirani."

"Jirani gani?" Dada alisema bila kugeuka. "Ni mimi. Kila alfajiri kabla ya shule, mpaka viganja vikaota sugu. Na wewe ulikuwa umelala!"

Binti akafungua ukurasa mpya.

Dada akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Andika," akasema. "Na uandike kwamba Mama mwenyewe hakuwahi kuionja pombe ile."