Tangazo la Kazi ya Mama Pasi

Wifi yake, dada wa mumewe, hakumwita kazini. Alimwita wasaidiane. "Njoo, wifi, tushikane mikono. Hili duka la dobi ni letu sote." Arobaini ya marehemu mumewe ilikuwa hata haijafika, na watoto hawaachi kula kwa sababu baba yao kafa. Mtu akikuita ndugu, unaanzaje kumuuliza utafanya kazi gani, utatoka saa ngapi, na nani atakuwa juu yako? Akajifunga kibwebwe, akaingia.

Alianza kwa kufua. Mpiga pasi alipoacha kazi, pasi ikawa yake, na jina likaja humo humo: Mama Pasi. Kisha ikawa yeye anafungua duka, yeye anafunga. Mteja akija kafura kwa sababu ya kola iliyochujuka, wifi anajificha nyuma ya pazia na kumsukuma mbele. "Nenda wewe, una ulimi laini." Na kwa kuwa darasa hakuliona, alibuni njia yake ya kuzitambua nguo: uzi wa rangi kwenye tundu la kifungo, nyekundu na nyeusi za mwalimu, kijani mbili za fundi saa. Nguo za watu zikaacha kupotea.

Siku alizochoka hadi miguu ikavimba, alilalamika. Wifi alikuwa na dawa moja tu. "Vumilia. Duka likikua, msimamizi ni wewe. Kwani nina nani mwingine?" Akaimeza dawa hiyo, mwaka baada ya mwaka, na tena aliiona tamu.

Duka likakua kweli. Hoteli moja ikakubali kuleta mashuka yake, ila ikataka kila mfanyakazi awe na maelezo ya kazi yaliyoandikwa, ijulikane nani anafanya nini na nani wa kuulizwa. Wifi akamleta karani, msichana mpole, akamketisha na Mama Pasi kwenye meza ya kukunjia.

"Shangazi, hebu nieleze. Ukiingia tu, unaanza na nini?"

"Mwanangu, utaumia mkono kuandika."

"We sema tu, shangazi. Mkono ni wangu."

Wifi akapita na hanga zake, akatabasamu hadi gego likaonekana. "Mwambie yote, wifi. Hiyo ndiyo ya msimamizi."

Basi akasema yote. Jinsi ya kukagua nguo mbele ya mteja kabla hajatoka, asije akasingizia. Doa la kutu linavyotolewa. Mteja mwenye hasira anavyopewa kiti kwanza. Na nyuzi zake, hakubakiza hata rangi moja. Alisema kwa raha, kama mtu anayepimwa nguo ya harusi. Siku hiyo aliwaambia wanawe kwamba mama yao amekuwa mtu.

Asubuhi moja ya wiki iliyofuata alikuta duka limeshafunguliwa, na binti amesimama mlangoni, bahasha kwapani, akisoma karatasi iliyobandikwa.

"Shikamoo, mama. Ni hapa wanapotafuta msimamizi?"

"Marahaba. Wanatafuta? Hebu nisomee, miwani nimeisahau." Miwani yenyewe hakuwa nayo.

Binti akasoma. Kukagua nguo mbele ya mteja. Kutoa madoa ya kutu na mafuta. Kutuliza wateja wenye malalamiko. Kuweka alama za nyuzi za rangi. Kisha akashusha pumzi.

"Mama, nimezunguka hadi soli zimeisha. Kwingine wanaandika 'anatakiwa mtu hodari', ukifika unaambiwa upike na umbebe mtoto wa bosi. Hii imenyooka. Najua ninachokiendea, na wao wanajua wanamtaka nani. Aliyeitunga hii ana akili."

"Malizia."

"Awe na cheti cha sekondari."

Mama Pasi akashika mlango. Kila neno lilikuwa limetoka kinywani mwake, isipokuwa hilo moja.

Ndani, wifi alikuwa akipanga hanga. "Ah, tangazo? Hoteli ndio wanataka msomi, wifi. Mimi nifanyeje?"

"Hoteli walitaka maandishi. Karani aliniambia mwenyewe."

Wakamgeukia karani, aliyekuwa mezani. Akainamisha kichwa. "Cheti alikitaka bosi, shangazi. Hoteli hawakusema."

"Kwani uongo?" wifi akapandisha sauti. "Barua za hoteli ungezisoma kwa nyuzi?"

"Ungeniambia tangu zamani, ningekwenda hata ngumbaru nikajifunze kusoma. Wewe uliniambia nivumilie."

"Usilie sasa. Nawe karatasi yako ipo. Karani, msomee."

Karani akasoma taratibu. "Msaidizi. Kufua, kupiga pasi, kumwelekeza msimamizi mpya, na kazi nyingine atakazopangiwa."

"Hizo nyingine ni zipi?"

"Zitakazotokea!" wifi akacheka. Akacheka peke yake.

Pasi ilikuwa imeshawashwa ikimsubiri. Mama Pasi akaichomoa kwenye umeme, maana shuka lilikuwa chini yake na shuka halina kosa. Akachukua mkoba. Nje, yule binti alikuwa bado anasubiri, kaketi kwenye ngazi. Alitaka kumchukia, akashindwa.

"Ingia, mwanangu. Yaliyoandikwa pale ni kweli tupu. Mimi ndiye niliyeyafanya."

Mtaa wa nyuma palikuwa na dobi mwingine, mwanamume mwenye kitambi na maneno mengi. Alipojua alikotoka, uso ukamng'aa. "Mama Pasi! Karibu, dada yangu. Hapa ni nyumbani. Anza hata sasa hivi, mengine tutayazungumza mbele ya safari."

"Kazi ni ipi?"

"Kufua, kupiga pasi, basi."

"Iandike."

Akacheka. "Nasikia kusoma hujui. Niiandike ili iweje?"

"Nitampata wa kunisomea. Andika nitakachofanya, na nisichofanya, na nani atakuwa juu yangu. Na kabla hujaandika usiniite dada."

Dobi akamtazama kuona kama anatania. Kisha akaanza kupapasa mifuko, akitafuta kalamu.