Beberu Niliyemwacha Mzima

Beberu ananuka, na anayebisha hajawahi kufuga. Wakati wake wa kutaka majike ukifika, hujikojolea mwenyewe, tena makusudi, miguu ya mbele na ndevu zote, kisha hukunja mdomo wa juu na kutoa meno kana kwamba amenusa marashi. Haachi mti bila kuupiga pembe. Kula hali. Ukimshika, mkono wako utanuka mpaka kesho, hata umalize mche mzima wa sabuni. Maisha yangu yote nimeuza mbuzi hapa Bagamoyo, wengi nikiwafuata Lugoba na Vigwaza, na harufu ile sijaizoea. Hata sasa ninapoiandika nasikia kichefuchefu.

Ndiyo maana nilijulikana kwa kuhasi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini koleo la kuhasi nalijua kuliko wenye vyeti. Unabana mishipa iliyo juu ya korodani bila kuchana ngozi, unasubiri kidogo, unaachia. Mbuzi analia mara moja tu. Miezi michache baadaye ni mnyama mwingine: shingo imepungua, mgongo umejaa mafuta, hapigani, hajikojolei. Watu waliokuja kutafuta mbuzi wa shughuli waliulizana, "Ni wa yule mzee?" Wakiambiwa ndiyo, hawakuhangaika kumnusa. Heshima hiyo sikupewa na mtu. Niliitengeneza mwenyewe.

Mwaka juzi mkojo ulianza kunisumbua. Nasimama chooni mpaka miguu inachoka, kinachotoka ni matone ya aibu. Kiuno nacho kikawa kinauma kama kimepigwa mchi. Mke wangu akanipeleka hospitali Dar. Wakanipima damu, wakanikata kipande kidogo cha nyama cha kupima, tukaambiwa turudi. Siku ya majibu niliingia peke yangu. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sema."

Akasema ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya kiuno. "Kuitoa yote hatuwezi. Lakini inalishwa na homoni ya kiume, ile inayotengenezwa kwenye korodani. Tukiizima homoni, ugonjwa unalala. Kuna sindano, kila miezi mitatu."

"Na mimi nitabaki nini?"

Hakunificha, namsifu kwa hilo. "Hamu ya mke itaondoka, babu. Utatokwa na jasho la ghafla. Misuli itapungua, matiti yanaweza kujaa. Wengine hulia bila sababu. Homoni hii haiishii huko chini, inapanda mpaka kwenye ubongo."

"Kwa hiyo unataka kunihasi."

"Babu, sisi hatusemi hivyo."

"Binti yangu, kazi hiyo nimeifanya kabla hujazaliwa. Usinifundishe jina lake. Nisipochoma sindano?"

"Mifupa itaendelea kuliwa."

Nikatoka. Mke wangu alikuwa kwenye benchi. "Amesemaje?"

"Amesema nipumzike."

Tangu siku ile koleo sikuligusa. Kulikuwa na dume mmoja mchanga, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, zamu yake ya kuhasiwa ilikuwa imefika. Nilimlaza, nikamshika. Nikamwachia. Mke wangu akauliza, nikamwambia huyo ni wa mbegu.

"Mbegu ya nini, na beberu wa mbegu tunaye?"

Dume akakua, akaanza uchafu wao. Alinuka kiasi kwamba nguo zilizoanikwa upande ule wa ua zilifuliwa mara mbili. Nilimchukia, na bado sikumhasi.

Kisha binti yetu akajifungua mtoto wa kike, akika yake, ile sadaka ya kumchinjia mtoto, ikawa kwetu. Kwa mtoto wa kike ni mbuzi mmoja tu, na mimi ndiye wa kumtoa. Majike ni wa kuzaa, na waliohasiwa walikuwa wamekwisha, maana mimi mwenyewe niliacha kuhasi.

"Kanunue kwa mtu," mke wangu alisema.

"Mimi? Nikanunue mbuzi?"

"Basi si huyu, mume wangu. Huyu ananuka."

"Kinachonuka ni ngozi. Nyama ikipata ndimu na tangawizi hakuna atakayejua."

Maneno hayo nilikuwa nikiwacheka wauzaji wengine kwa kuyasema.

Nilimchinja mwenyewe. Mbuzi wa akika havunjwi mifupa, anatenganishwa kiungo kwa kiungo, kwa hiyo mikono yangu ilishinda ndani ya ile nyama asubuhi nzima. Sufuria ilipofunuliwa, mvuke ulitoka na mkojo wake. Sijui nisemeje vinginevyo. Wanawake wakavuta kanga puani. Mwalimu wa madrasa alisoma dua, akatafuna tonge moja, kisha akawa anachokoa wali pembeni ya sinia kwa adabu. Mtani wangu, jirani wa miaka mingi, ndiye aliyesema:

"Jamani, beberu yuko kwenye sinia au bado amevaa kanzu ya mwenye nyumba?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Nikatia pande mdomoni ili wanione nakula. Lilikuwa na ladha ya zizi. Nikalimeza zima. Binti yangu aliondoka na mtoto, akimziba uso asipatwe na ule mvuke, na huyo mtoto ndiye mwenye shughuli.

Nyama ya akika haitupwi jalalani. Wageni walipoondoka nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nizike nyama na mifupa pamoja. Mara tatu nilisimama kwa sababu ya kiuno. Mke wangu alikuwa ameshika sufuria, ananitazama.

"Sasa niambie daktari alisema nini."

Nikamwambia yote, nikiwa mle shimoni.

Akasogea ukingoni na sufuria yake. "Kwa hiyo huyu mnyama ulimwacha mzima kwa sababu yako wewe?"

"Ndiyo."

"Umewalisha watu mkojo kwa sababu yako wewe." Akamimina nyama shimoni. "Mimi sikuolewa na mapumbu. Kesho tunakwenda Dar."

Tulikwenda. Sasa ni mwaka na zaidi. Jasho hunishukia ghafla mchana, shati linanata mgongoni kama ngozi ya mtu mwingine. Kifua kimejaa, sipendi kukitazama nikioga. Juzi nililia kwa sababu jike alikataa kumnyonyesha mwanawe. Najichukia kwa hayo, sitasema uongo. Lakini nakojoa kama mtu, na kiuno kimetulia. Koleo nimelishika tena, ingawa mikono imepungua nguvu na mke wangu ndiye anayenishikia mnyama.

Mara ya mwisho daktari aliniuliza najisikiaje.

"Nimenenepa mgongoni," nikamwambia. "Sigombani na mtu. Na sinuki."

Hakujua acheke au asicheke. Nikapandisha shati, nikampa tumbo achome sindano yake, nikageuza uso ukutani.