Mita ya mtandao iliyomuumbua aliyeitengeneza

Saa mbili na robo asubuhi. Foleni ya wagonjwa imeshafika mlangoni, na fundi wa mtandao wa hospitali hii amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, tochi mdomoni, akifuata waya kwa kidole. Manesi wanamwita Mama Mita.

"Bora hilo," anacheka. "Zamani nilikuwa Mama Subiri!"

Na wala hawakumwonea. Picha moja ya ultrasaundi ilichukua dakika arobaini kumfikia daktari bingwa aliye mji mwingine, huku mjamzito akisubiri jibu kitandani. Katibu wa hospitali akawapata wachawi wake: manesi wa wodi ya wazazi.

"Wanaangalia filamu hao," alifoka. "Ijumaa nawakatia mtandao!"

Lakini mashine ya ultrasaundi iko wodini humo; wakikatiwa, picha hizo haziendi popote. Mama Mita akaomba siku nne. "Nilimwambia, bosi, pima kwanza ndipo ukate."

Akaandika programu, mita ya kuhesabu data inayotumiwa na kila wodi. Siku ya tatu majibu yakatoka: wodi ya wazazi, asilimia sitini na mbili ya data yote. Akayapeleka kwa katibu mbio mbio. Haraka haraka, baraka zake mnazijua.

Katibu akawaita manesi wavivu mbele za watu. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo hakupandisha hata sauti. "Mdogo wangu," alimwambia fundi, "kompyuta yetu imeharibika tangu juzi. Hiyo filamu tumeiangalia kwenye ukuta?"

"Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anasema Mama Mita.

Kumbe waya wa korido nzima unapitia kwenye kisanduku cha mtandao cha wodi ile, na programu ilikuwa inahesabu kila kinachopita pale. "Niliwahesabu wapita njia kama wenye nyumba."

Akaiandika upya, sasa ihesabu kila mashine peke yake. Alhamisi mchana mlafi akaonekana: kamera nne za korido, zinazotuma video kwenda kuhifadhiwa nje ya hospitali kuanzia asubuhi hadi jioni. Na aliyezifunga, akazipangia saa hizo za kazi, ni nani? Ni yeye mwenyewe, mwaka mmoja nyuma.

"Ningeweza kubadilisha saa kimyakimya. Nani angejua?" Anatikisa kichwa. "Lakini wale kina dada walishaitwa wavivu mbele za watu."

Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya katibu na muuguzi mkuu. "Anayemaliza mtandao ni mimi," alisema. Katibu alikohoa, akatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake, kisha akawaomba radhi manesi.

Leo kamera zinatuma video usiku, na picha inafika kwa dakika tatu. Zahanati mbili zimeshaiomba programu hiyo, naye anaziandalia toleo rahisi. Katibu angependa majibu yaonekane ofisini kwake tu, lakini hapo Mama Mita amegoma. Anataka skrini ukutani, kila wodi ijisomee.

"Na mstari wa kwanza juu kabisa," anasema, "uwe wa mashine za fundi."